Alipozama Bwana Mita

Watu wa gati la bwawa waliwahi kupatwa na ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake: ugonjwa wa mita. Kabla ya hapo walikuwa watu wazima na akili zao. Mtu akitaka kuvuka alishika kafi, akatazama ng'ambo, akaenda zake. Kukiwa kweupe aliufuata mnara wa machimbo ya mawe; kukiwa na ukungu alitega sikio, akaifuata sauti ya mashine ya kusaga kokoto. Akitokea kushoto kidogo au kulia kidogo ya pale alipokusudia, alipiga kafi ukingoni mpaka akafika, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza kulikoni. Kisha vikaja vidude vya jipiesi, vile vya kuonyesha njia kwa satelaiti, na ghafla kila mpiga kafi akawa anazungumza kama mpima ardhi. Huyu anajisifu kuwa chake kinakosea mita kumi tu, yule anamcheka, chake kinakosea tano. Ungedhani wanatua na ndege.

Mwanamke ambaye habari hii ni yake hakuwa na ugonjwa huo mwanzoni. Aliupata nyumbani kwa mumewe, kama watu wa nyumba moja wanavyoambukizana mafua.

Wafanyakazi wa machimbo walimwita Mikate. Kila asubuhi alipakia kreti za mikate ya moto kutoka kwenye tanuri la mjini, akazifunika turubai, akazivusha hadi kantini yao. Bwawa lile ni la maji ya kunywa ya mji mzima, kwa hiyo injini ni marufuku, na barabara ya kulizunguka ni ndefu, yenye mashimo ya kutosha kufugia samaki. Ndiyo maana mikate, maziwa, mboga na magazeti vyote vilivuka kwa nguvu za mabega. Mabega ya Mikate yalikuwa mapana na hakuyaonea haya. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mvushaji tangu bwawa lilipojazwa, enzi ambazo vilele vya miti ya bonde la zamani vilikuwa bado vinachungulia juu ya maji. Baadaye miti ile ilizama yote, lakini haikuondoka. Ipo chini mpaka leo, imesimama wima, msitu mzima gizani. Baba alimfundisha bintiye kupiga kafi bila kurusha maji, na kusikiliza. Mengine, alisema, bwawa lenyewe lingemfundisha.

Mumewe alimpata huko huko majini. Alikuwa mvusha maziwa: alfajiri anakwenda ng'ambo na madumu matupu, anayajaza kwa mama mmoja mfuga ng'ombe aliyekaa nyuma ya machimbo, anarudi nayo mjini. Kwa hiyo kila asubuhi wawili hawa walipishana katikati ya bwawa, yeye akirudi, Mikate akienda.

"Dada," alimpigia kelele siku moja, "hiyo harufu ya mikate yako itanigandishia maziwa!"

"Yakiganda uza mtindi," Mikate akamjibu, wala hakupunguza kafi.

Siku zilizofuata walipunguza makafi. Yule mfuga ng'ombe alikuwa na desturi ya kumjazia kijana chupa ya chai ya maziwa, na kijana akaanza kumpa Mikate chupa ile wakipishana. Mikate naye alichomoa mkate mmoja kwenye kreti, wakaumega, wakala na kunywa, mitumbwi yao imelaliana ubavu kwa ubavu. Hata walipooana na kulala chumba kimoja hawakuacha. Kifungua kinywa chao kilikuwa pale. Hawakujaliwa mtoto, na wengine wangekaa wakinuniana kwa hilo, lakini hawa wawili walikuwa kidole na pete.

Mume alikuwa mtoto wa pekee wa mama fundi cherehani, na alikua akitambaa chini ya mashine, tepu ya kupimia shingoni. Mama huyo alikuwa mtu wa kufumua gauni zima kwa sababu ya nusu inchi, mwenye gauni akiwa amesimama mlangoni na viatu vya harusi mkononi. Alikaa nao nyumba moja, chumba cha nyuma, na mkwewe alimpenda. Mwanawe alirithi kwake lile jicho la vipimo, ila kwake lilienda kwenye mita. Vidude vilipoanza kuonekana gatini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kila kimoja kinakosea kiasi gani, na ndipo wakambandika jina la Bwana Mita. Alilipenda. Aliitika hata alipoitwa kwa dhihaka.

Lakini alikuwa na sababu yake, na hiyo wengi waliomcheka hawakuijua. Miezi ya ukungu ilikuwa inamtesa. Ukungu wa bwawa lile ukishuka huoni hata ncha ya kafi lako. Asubuhi za namna hiyo yeye na mkewe walipishana bila kuonana; alisikia filimbi ya mkewe mahali fulani kushoto, akapuliza yake, wakatafutana, kila mmoja akachoka, akaenda zake. Jioni alirudisha chupa nyumbani imepungua nusu tu.

"Leo nimekunywa chai peke yangu kama yatima," angesema.

"Utapona," angejibu Mikate, lakini naye alikuwa amekula mkate mkavu.

Wakaenda pamoja kwa muuza vifaa, duka dogo lenye kioo cha mbele kilichojaa redio na tochi. Muuza vifaa alikuwa mtu mkweli, jambo ambalo halikumsaidia sana katika kazi yake.

"Kaka, nitakuuzia ukitaka," alisema. "Lakini wewe unapiga kafi, huendeshi meli. Mtu wa kafi anataka kujua yuko wapi kwenye bwawa na gati liko upande gani. Mita hamsini zinamtosha kabisa. Hizo zilizobaki ana macho, ana masikio."

"Mita hamsini kwenye ukungu simuoni mke wangu."

"Kwani lazima umuone katikati ya maji? Si mnalala nyumba moja?"

"Chai inapoa," alisema Bwana Mita, uso mkavu kabisa, na Mikate akacheka mpaka akashika kaunta.

Walinunua viwili vya aina moja, vile vipya visivyokosea zaidi ya mita tatu. Bwana Mita alikaa mezani nyumbani, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika, akatia ndani ya vyote viwili mstari mmoja: kutoka kona ya gati mpaka nguzo ya saruji ya kantini ya machimbo. Mstari ule ule kwa wote wawili, kwenda na kurudi. Mama yake alitazama kwa juu ya miwani akauliza kama satelaiti inaweza pia kupima kiuno.

Asubuhi ya kwanza ya ukungu Mikate aliufuata mstari wake, jicho moja kwenye kioo, filimbi mdomoni. Filimbi nyingine ikamjibu, si kushoto wala kulia, bali mbele yake hasa. Wakapunguza. Pua ya mtumbwi ikachomoza kwenye weupe, nyuma yake kofia ya mumewe, nyuma ya kofia yale meno yake yote. Akanyoosha mkono na mkono wake ukashikwa. Mikate alisema baadaye kwamba hajawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi, maana siku ya harusi viatu vilimbana.

Bwana Mita hakuweza kunyamaza. Aliwahadithia watu wa gati mpaka wakahifadhi, na kila mwenye kidude akataka atiliwe mstari ule. Aliwatilia. Alikuwa na mkono mwepesi wa kusaidia watu. Na hakuna hata mmoja, si yeye, si mkewe, si wakubwa wa gati, aliyekaa chini akafikiri kitu kimoja kilichokuwa wazi. Zamani, walipokuwa hawajui vizuri walipo, walitawanyika bwawani, huyu huku, yule kule. Kukosea kwao ndiko kulikokuwa kunawapisha. Sasa wote walikuwa wanakwenda na kurudi juu ya uzi mmoja, na kadiri kidude kilivyokuwa bora ndivyo walivyozidi kuelekeana pua kwa pua. Walitegemea filimbi na kupunguza mwendo, na kwa muda ilitosha.

Asubuhi ile tanuri liligoma kuwaka. Mwoka mikate aliinama, akapuliza, akatukana, moto wapi. Mikate akampigia mumewe aliyekuwa ng'ambo anajaza madumu.

"Leo sitoki. Tanuri limekufa."

"Basi nanyoosha moja kwa moja," alisema. "Chai tutakunywa nyumbani, kwenye viti, kama matajiri."

Hakuwa amekata simu vizuri moto ukashika. Mikate alisubiri mikate iive, akapakia kwa haraka, akampigia tena kumwambia kuwa anatoka. Simu haikupatikana, maana upande ule mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Akajisemea kwamba madumu hayajajaa, bado yuko kwa mfuga ng'ombe. Ukungu ulikuwa mzito. Alipuliza filimbi alipoondoka gatini, akapuliza tena baada ya kitambo, kisha akaona anapoteza pumzi na wanaume wa machimbo wana njaa. Akapiga kafi kwa nguvu. Na huko mbele, mtu aliyeamini kuwa maji hayana mwingine yeyote alikuwa anapiga kafi kwa nguvu hivyo hivyo, filimbi iko mfukoni, akiwahi kiti na kikombe cha chai pamoja na mkewe.

Mtumbwi wa Mikate ulikuwa mpya, wa plastiki ngumu, pua yake imeinuka. Wa mumewe ulikuwa wa mbao, umekaa chini kwa uzito wa maziwa. Pua ilipanda juu ya mtumbwi wa mbao ikampata kifuani. Yote yalikuwa kufumba na kufumbua. Mikate alijikuta majini, jaketi la kuokolea limemwinua, na pande zote maziwa yametapakaa, meupe juu ya maji na ukungu mweupe juu yake, hata asijue juu ni wapi. Alisikia akiitwa mara moja. "Mikate!" Si kelele ya kuomba msaada, ilikuwa sauti ya mtu aliyeshangaa kumkuta mtu wake mahali asipomtegemea.

Bwana Mita alikuwa amevaa mabuti ya mpira na koti zito. Jaketi lake la kuokolea alikuwa amelisokomeza katikati ya madumu yasigongane njiani.

Mikate aliita, akazama, akashika dumu, akazama tena, akaita. Alipoishiwa nguvu alining'inia kwenye mtumbwi uliopinduka, na kidude kilikuwa bado kimefungwa kwenye kamba yake kifuani. Kilikuwa na kitufe cha kubonyeza mtu akianguka majini, kinachohifadhi mahali. Hapo ndipo alipokikumbuka. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

Wenzake wa gati waliosikia kelele walikuja kumtoa, na wapiga mbizi wakapewa mahali pale, wakashuka. Wakakuta matawi. Msitu wa zamani uliwanasa kamba na mapezi, mmoja akapandishwa hajitambui, na mkubwa wao akasema kwamba hawezi kumzika mtu mwingine kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Walizunguka juu siku kadhaa wakitazama, kisha wakaondoka. Mwili haukupatikana. Watu wa gati walikutana, wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo kila mtu aukwepe mstari mita hamsini upande wake wa kulia, anayekwenda na anayerudi, na tangu hapo hakuna aliyegongana na mwenzake. Muuza vifaa alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka na wengine, hakuthubutu hata kwa jicho kusema kuwa aliwaambia. Mikate alimheshimu kwa hilo kuliko kwa chochote.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka na mikeka ikakunjwa, nyumba ikabaki na wanawake wawili. Mama mkwe alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Hakumlaumu mkwewe kwa neno lolote, na heri angemlaumu. Alikula kidogo alichowekewa, akashukuru. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema kwa sauti ile ile ya kuomba mkasi.

"Nionyeshe mahali."

"Nitakuonyesha, mama. Nikipata nguvu."

"Watu wana makaburi. Mimi nina maji yote yale. Nikae nikilitazama bwawa zima? Nitaanzia wapi?"

Mikate alichukua sahani, akaenda kuiosha. Alikuwa ameapa kuwa hashiki tena kafi. Kidude alikitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati, mbali na mkono. Mwoka mikate alimpa kazi ya ndani, kufunga mikate kwenye karatasi, mgongo kwa dirisha. Aliogopa maji, ndiyo, lakini alichokiogopa zaidi ni kukaa kwenye mtumbwi uso kwa uso na mama yule, mahali pale, aulizwe. Yeye ndiye aliyemgonga. Mtumbwi wake ndio uliompanda. Hata wakisema mara mia kwamba ni ajali, kifua kilikuwa cha mumewe na pua ilikuwa yake. Alifunga mikate na kulia, na karatasi nyingine zililowana.

Kila mama mkwe alipouliza, Mikate alikuwa na sababu. Leo kuna upepo. Leo magoti yako, mama. Leo tanuri lina kazi nyingi. Mvua zikaja zikapita. Mama akapungua mwili, gauni likaanza kumning'inia mabegani, na yeye ambaye asingevumilia nusu inchi kwa mtu mwingine aliliacha hivyo hivyo.

Siku moja mmoja wa wavusha mboga aliingia kwenye tanuri akihema.

"Dada, njoo. Mama yako yuko gatini."

Alikuwa ametoka nyumbani peke yake na mkongojo wake, magoti yale yale, akateremka njia yote ya mteremko mpaka kwenye maji. Mikate alipofika alimkuta anakwenda kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Kwa kila mpiga kafi alisimama, akamwamkia kwa adabu kana kwamba yeye ndiye mdogo, akauliza swali moja.

"Samahani, mwanangu. Mwanangu alizama wapi?"

Na kila mmoja, kwa huruma, alinyoosha mkono. Huyu akaonyesha kule karibu na mnara. Yule akaonyesha katikati. Wa tatu, jamaa mmoja aliyekuwa anasifika kwa kidude chake, alisema "pale, mama, pale pale," akionyesha upande ambao mtu hata hapiti. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani mama anahitaji kidole tu. Lakini mama aligeuka na kila kidole, akakifuata kwa macho yake mabovu, akatikisa kichwa kama mteja aliyepewa kitambaa kisichofanana, akaenda kwa mwingine. Mikate alisimama akaona mumewe anazikwa mahali kumi.

Alimshika mama mkono. "Twende nyumbani, mama. Hawajui hawa."

"Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi mbona unaniacha niulize watu?"

Hakusema kwa ukali. Mikate aliona haya, haya ya kutaka kuzama, na hapo hapo kwenye mbao za gati akamwahidi kwamba siku ya kwanza kupambazuka bila ukungu watakwenda.

Aliliteremsha kopo la biskuti, akachaji kidude mezani mbele ya kiti alichokuwa akikaa mumewe. Kilipowaka kilikuwa na kila kitu bado, ule mstari, kona ya gati, nguzo ya saruji, na kitone kimoja chekundu katikati. Kwa mwaka mzima alikuwa ameombea betri iwe imekiharibu.

Asubuhi ilipambazuka kweupe. Alimkalisha mama mkwe mbele ya mtumbwi juu ya mto, akamvalisha jaketi la kuokolea, akaikaza mikanda yake kwa mikono yake mwenyewe. Mama alivaa gauni lake zuri la kijani, la kutokea. Mikate aliposhika kafi mikono ilikataa kwanza, ikawa mizito kama imelala. Akapiga moyo konde, akasukuma. Mabega yalikumbuka upesi kuliko yeye. Maji yalikuwa kimya, mnara wa machimbo unaonekana mpaka ngazi zake, na wapiga kafi waliopishana nao, mbali huko mkono wa kushoto, walivua kofia bila kuita.

"Hapa ndipo mlipokuwa mnakunywa chai?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Mbele kidogo, mama. Ilitegemea nani ametangulia kutoka."

"Alikuwa ananiambia. Nikamwambia ni upuuzi, watu wazima kunywa chai kwenye maji." Akavuta pindo la gauni lisilowe. "Chai yenyewe ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa na sukari nyingi."

"Alipenda sukari."

Kidude kilihesabu kinyumenyume. Mita mia mbili. Mita themanini. Mita thelathini. Mikate alipunguza kafi. Mita tisa. Mita nne. Kikatoa mlio mdogo wa furaha, kama kilivyofundishwa kiwandani, kumpongeza kwamba amefika.

Hapakuwa na kitu. Maji tu, rangi ile ile na maji mengine. Mshale kwenye kioo ulianza kuzunguka, kwa sababu mtumbwi uliosimama hausimami: mita tatu, mita sita, mita mbili, mita tano. Mama mkwe alikuwa amegeuka sasa, polepole, ameshika kingo mbili za mtumbwi.

"Aliita?" aliuliza.

Hilo ndilo swali alilolikimbia. "Aliniita, mama. Mara moja. Jina langu."

"Jina lako." Mama aliitikia kwa kichwa, machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. "Basi alijua ni wewe. Hakufa akidhani yuko na mtu asiyemjua."

Mikate alishindwa kuzuia. Alilia kwa sauti, kafi limelala mapajani, na mama alimwacha alie. Kisha akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Ni hapa?"

Mikate alikitazama kidude. Mita tatu, kilisema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alijiruhusu kukumbuka yote kwa utaratibu wake: kwamba aliita kwanza, akazama, akashika dumu, akazama tena, akaita mpaka sauti ikakatika, na upepo wa chini ya ukungu ulikuwa unausukuma mtumbwi muda wote huo, na ni baada ya hayo yote ndipo alipobonyeza. Kitone chekundu hakikuwa mahali pa mumewe. Kilikuwa mahali alipokata tamaa. Kidude hakikukosea zaidi ya mita tatu. Yeye ndiye asiyejua amekosea kiasi gani, na hatajua. Wapiga mbizi walishuka hapa kwenye matawi kwa neno lake. Labda mtu wao alikuwa hatua chache tu kando, labda mbali kabisa, amesimama kati ya miti.

Mama mkwe alikuwa anamsubiri, mkongojo miguuni, gauni la kijani limekunjamana chini ya jaketi.

"Ni hapa, mama," alisema Mikate. "Hapa hapa."

Mama akainama upande mmoja, polepole, mpaka mtumbwi ukalala kidogo. Akatazama chini ndani ya maji muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama mshono kabla ya kukata uzi. Hakulia tena. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Mikate hakuwahi kuiona tangu msiba, uso wa mtu aliyeonyeshwa mlango. Kisha akashtuka, akamgusa mkwewe goti, akasema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema chumbani penye mtu aliyelala.

"Sogea kidogo basi. Tusije tukawa tumemkalia."

Mikate alitia kafi majini bila kurusha hata tone, akarudi nyuma kidogo. Akamtazama mama. Mama akaashiria kwa mkono, bado. Akarudi nyuma tena.